Kabla ya Kununua Kompyuta Mpya ya Gemu, Fungua Iliyopo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na kuanzia siku hiyo kompyuta nyingi zisizo na hitilafu yoyote zikaanza kuitwa mikweche. Katika New Hope, mji wa watu wapatao 22,000 kaskazini-magharibi mwa Minneapolis, hazikosekani mashine za namna hiyo. Hukaa besimenti, kati ya mashine ya kufulia na masanduku ya makoti ya baridi, na wenyewe ni vijana ambao wazazi wao walitoka Kisii, Nairobi, Bukavu au Arusha. Kijana akipanda ngazi kusema kompyuta yake imekataa Windows 11, mzazi aliyerudi sasa hivi kutoka zamu ya usiku huwa na jibu moja kati ya mawili: pesa hakuna, au haya, tutanunua nyingine Krismasi. Majibu yote mawili yana haraka. Lipo la tatu, nalo linataka bisibisi ya nyota, taa nzuri na saa mbili za Jumamosi.

Chukua kompyuta iliyounganishwa mwaka 2017 kwa prosesa ya AMD Ryzen 5 1600 na kadi ya michoro ya GTX 1060. Enzi zake ilikuwa mashine ya heshima. Windows 11 inaikataa kwa sababu prosesa yake haimo kwenye orodha ya Microsoft, ambayo kwa Ryzen za mezani huanzia, kwa jumla, kizazi cha 2000. Lakini soketi ya prosesa hiyo, AM4, iliishi muda mrefu kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 2022 AMD ilifungua mlango hata kwa mbao mama za 2017 zipokee prosesa za Ryzen 5000, mradi BIOS, programu ya msingi ya ubao, isasishwe. Aprili ya mwaka huohuo ikatoa Ryzen 5 5600 kwa dola 199. Mwenye mashine ya 2017 hubadilisha basi kipande kimoja kinachoenea kiganjani, na ubao, RAM na kasha vinabaki vilevile, halafu Windows 11 inaingia bila ubishi. Muhimu ni utaratibu: BIOS husasishwa kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imo ndani. Anayegeuza mambo atakaa mbele ya skrini nyeusi akidhani ameuziwa prosesa mbovu.

Waliochagua Intel hawakubahatika hivyo. Core i7-7700K ilitoka Januari 2017, na Core i7-8700K ikatoka Oktoba mwaka huohuo. Zote zina migusano 1151, ila ubao wa ile ya kwanza hauikubali ya pili. Miezi tisa tu! Kwa hawa ushauri ni mwingine: ubao, prosesa na pengine RAM vibadilishwe kwa pamoja, lakini kasha, diski, kadi ya michoro na pawa saplai vibaki. Asiyetaka kugusa chochote kwa sasa anaweza kujiandikisha Microsoft apate masasisho ya ziada ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026.

Mtu atauliza, kwa nini kung'ang'ania vipande vya zamani? Jibu ni RAM. Mwishoni mwa 2025 bei yake ilipaa, na baadhi ya seti za DDR5 zikauzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya miezi michache nyuma, kwa kuwa viwanda viligeuzia uzalishaji wao vituo vya data vya akili unde. Tarehe 3 Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, jina ambalo wajenzi wa kompyuta za nyumbani wamelinunua kwa karibu miaka 30. DDR4 nayo haikusalimika. Katika hali hiyo GB 16 za DDR4 zilizolala ndani ya mashine ya 2017 ni akiba, na wahenga walishasema usiache mbachao kwa msala upitao.

Yapo pia marekebisho yasiyogharimu hata senti, na inashangaza jinsi yanavyosahauliwa. Waya wa skrini umechomekwa wapi? Ukiwa kwenye ubao mama badala ya kadi ya michoro, mtu amenunua kadi ya dola 300 kisha anacheza kwa kutumia chipu ndogo ya ndani ya prosesa. Skrini iliyouzwa kwa sifa ya Hz 144 mara nyingi huachwa kwenye Hz 60 kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye mipangilio ya Windows kuibadilisha. RAM nayo huanza kwa mwendo wa pole mpaka mwenyewe aingie BIOS na kuwasha wasifu wake wa XMP au EXPO. Hayo matatu hukaguliwa kwa dakika kumi, na ni aibu kwenda dukani kabla ya kuyakagua.

Baada ya hapo ndipo pesa ianze kutoka. Hapa vijana wengi hukosea: hukimbilia kadi ya michoro kwa sababu ndiyo inayosifiwa na yenye taa za rangi. Mashine ambayo bado inatumia diski ya kuzunguka inahitaji SSD kabla ya kitu kingine chochote, maana hata kadi bora duniani haitaharakisha gemu linalosubiri diski isome. Halafu ipo pawa saplai, kipande kisichosifiwa na mtu. GTX 1060 inakula wati 120. RTX 4090 inakula hadi wati 450, na RTX 5090 hadi 575. Kadi za kati hazifiki huko, lakini atakayechomeka kadi yenye njaa kwenye pawa saplai ya bei ya kutupa, iliyokuja na kasha, asishangae mashine ikizimika kila pambano linapopamba moto. Pawa saplai mbovu ikifa inaweza kuvuta na wengine kaburini. Makala haya hayana aibu kusema hivi: kama bajeti inatosha kadi nzuri na pawa saplai ya ovyo, nunua kadi ya chini yake na pawa saplai ya maana.

New Hope ina jambo lake katika habari ya umeme. Sehemu kubwa ya nyumba zake zilijengwa katika miaka ya baada ya mji kuanzishwa mwaka 1953, na katika nyumba za umri huo soketi kadhaa za ukutani hushiriki saketi moja ya ampea 15. Kwa volti 120 hizo ni wati 1,800. Januari besimenti inapoganda, kijana huwasha hita ndogo ya umeme ya wati 1,500 miguuni pake. Kompyuta ya gemu yenye skrini mbili ikidai wati 400 zaidi, breka hukatika na chumba kinakuwa giza. Ikitokea BIOS ilikuwa katikati ya kusasishwa, mashine inaweza isiwake tena. Hita iwe kwenye saketi nyingine, au izimwe. Soksi nzito zipo.

Joto ni adui mkongwe wa kompyuta, na jimbo letu la Minnesota limepambana nalo kabla ya wengi. Control Data Corporation ilianzishwa Minneapolis mwaka 1957, na mhandisi wake Seymour Cray aliunda CDC 6600, iliyotoka mwaka 1964 ikawa kompyuta yenye kasi kuliko zote duniani kwa miaka kadhaa. Saketi zake zilisongamana kiasi kwamba feni hazikufua dafu. Ilipozwa kwa Freon, kama jokofu. Cray alipounda kampuni yake mwenyewe, Cray-2 ya mwaka 1985 ilitumbukizwa nzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Kijana wa leo hahitaji hayo yote. Anahitaji feni safi na pesti ya joto ambayo haijakauka.

Mashine iliyokaa besimenti miaka minne bila kufunguliwa ina sura yake. Ukiondoa ubavu wa kasha, harufu ya vumbi lililopata moto hutangulia. Chujio la mbele limevaa zulia la kijivu lililochanganyika na nywele za mbwa. Mapezi ya kipozeo cha prosesa, ambayo yalipaswa kupitisha hewa, yamezibwa upande wa feni, na feni hiyo inazunguka kwa kasi yake yote ikisukuma hewa isiyokwenda popote. Ukifungua kipozeo, pesti iliyokuwa laini imekuwa ugamba mkavu wenye nyufa. Dawa yake ni rahisi. Mashine inazimwa na waya wa umeme unatolewa, kisha inabebwa hadi gereji. Vumbi linapulizwa kwa hewa ya kopo, kila feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke, maana feni inayozungushwa na upepo mkali huumiza beringi zake. Pesti ya zamani hufutwa kwa kitambaa chenye spiriti ya kusafishia ya asilimia 90 au zaidi, na pesti mpya ya ukubwa wa punje ya njegere huwekwa katikati ya prosesa. Kipozeo chenyewe kitaitandaza. Wengi hushtuka kuona nyuzi joto zimeshuka na kelele zimepungua kwa kazi ya alasiri moja.

Saa ya kompyuta inayorudi nyuma miaka kila ikichomolewa haina maana ya virusi. Ni betri ya CR2032 kwenye ubao mama imeisha, ile bapa kama sarafu, inayouzwa hata duka la dawa.

Baridi huleta mitihani miwili. Wa kwanza ni umeme tuli. Hewa ya nje ya Januari ikishapashwa na hita ya nyumba huwa kavu mno. Kila mkazi anajua ule mshituko wa kushika kitasa cha mlango baada ya kutembea kwenye zulia. Mshituko huo, au hata mdogo wake usiohisiwa na mtu, unaweza kuua RAM. Basi kazi ifanyike juu ya meza ya mbao, si sakafuni kwenye zulia, na mkono uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa kipande chochote. Wa pili ni unyevu. Tarehe 30 Januari 2019 uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul ulipima nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Kompyuta iliyobebwa ndani ya buti la gari siku kama hiyo kwenda kucheza kwa rafiki, ikiingizwa ghafla kwenye sebule yenye joto, hutokwa jasho ndani na nje, kama miwani. Iachwe saa kadhaa ndani ya begi lake, imezimwa, mpaka ilingane na chumba. Wageni kutoka Afrika Mashariki hulisikia hilo kwa mara ya kwanza baada ya kitu kuungua.

Juni nayo ina pamba. Si ya shambani. Ni manyoya meupe ya mbegu za miti ya cottonwood yanayopeperuka hewani kama theluji iliyopotea njia, na yanapenda vichujio vya feni kupita kiasi. Besimenti wakati huo huwa na unyevunyevu, kwa hiyo kompyuta isikae sakafuni, na kiondoa unyevu kikiwapo kiwashwe.

Vipande vinapatikana karibu. Kutoka New Hope, barabara ya 42nd Avenue North inakupeleka mashariki hadi Highway 100, na ukiifuata hiyo kusini hadi St. Louis Park, lipo tawi la Micro Center, miongoni mwa maduka machache ya Marekani ambako mnunuzi bado anaweza kukuta prosesa, mbao na makasha kwa wingi mbele ya macho yake. Duka la namna hiyo lina faida na hatari: muuzaji anajua kazi yake, na mnunuzi aliyekuja kutafuta pesti ya joto anaweza kutoka na kadi ya dola 600. Aende na orodha.

Soko la mtumba ni hadithi nyingine. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kuchimba sarafu kwa kadi za michoro, na kadi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. Nyingi bado zinazunguka. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni zake na pesti yake zimechoka. Anayenunua kwa mtu aione ikiendesha gemu zito kwa dakika 20 kabla hajatoa noti. Na ajue kwamba umri wa kadi una kikomo kingine: Nvidia ilitoa draiva za mwisho za gemu kwa ukoo wa GTX 1000 Oktoba 2025, na baada ya hapo ni masasisho ya usalama tu. GTX 1060 ya kwenye mfano wa juu bado inacheza mengi, lakini siku zake zinahesabika. Hiyo ndiyo kadi ya kubadilisha, baada ya prosesa.

Asiyejiamini ana pa kwenda. Geek Squad, ile ya magari madogo meusi na meupe, ilizaliwa Minneapolis mwaka 1994 na ikanunuliwa na Best Buy mwaka 2002. Inatoza. Serikali ya Kaunti ya Hennepin, ambamo New Hope imo, huandaa Fix-It Clinic, mikusanyiko ambako mafundi wa kujitolea humsaidia mwananchi kufungua kifaa chake mwenyewe bila malipo. Hii ya pili inastahili watu wengi zaidi wa jamii yetu kuliko wanaoonekana humo. Fundi hachukui kifaa akaondoka nacho nyuma ya pazia. Mwenyewe anashika bisibisi na kuelekezwa.

Wazazi wana wasiwasi wao, na si wa kupuuzwa. Aliyefanya kazi mbili kwenye nyumba za wazee ili mtoto asome hafurahi kumkuta saa saba usiku akipiga kelele kwenye kipaza sauti. Lakini gemu na elimu hazikuanza kama maadui katika jiji hili. The Oregon Trail, gemu lililochezwa na vizazi vya wanafunzi wa Marekani, lilitungwa mwaka 1971 na wanafunzi watatu wa ualimu waliokuwa wakifundisha Minneapolis, Don Rawitsch, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, ili kufundishia somo la historia. Wanafunzi wa kwanza walilicheza bila skrini. Mashine ya teletaipu ilikuwa ikipiga chapa majibu kwenye karatasi. Muhula ulipokwisha, programu ilifutwa kwenye kompyuta ya wilaya ya shule, lakini Rawitsch alibaki na nakala yake ya karatasi. Mwaka 1974 alipoajiriwa na MECC, taasisi ya jimbo ya kompyuta za shule, aliichapa upya. Bila nakala ile kusingekuwa na Oregon Trail. Mtoto anayejifunza kutunza nakala za kazi zake kwenye diski ya pili amejifunza jambo ambalo mitihani haimuulizi.

Mashine ikishapitwa kabisa, familia nyingi huifikiria nyumbani: binamu Eldoret au mpwa Mwanza ataifurahia. Wazo jema, lenye mtego. Umeme wa Marekani ni volti 120, wa Kenya 240, wa Tanzania 230. Pawa saplai nyingi za sasa hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe, na kibandiko cha ubavuni husema hivyo. Za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma. Ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa ukutani Eldoret, utasikia mlio mmoja na moshi. Kadi ya michoro itolewe na kufungwa peke yake kabla ya safari, kwa kuwa uzito wake huvunja nafasi yake kwenye ubao mizigo inaporushwa. Na mpokeaji anunue UPS, maana umeme unaporudi baada ya kukatika hurudi na kishindo.

Sheria nayo ipo upande wa mwenye bisibisi. Gavana Tim Walz alitia saini sheria ya Minnesota ya haki ya kutengeneza vifaa vya kielektroniki Mei 2023, ikaanza kutumika 1 Julai 2024. Inawabana watengenezaji watoe vipuri, zana na miongozo kwa wenye vifaa na mafundi huru, kwa masharti ya haki, kwa bidhaa zilizouzwa tangu 1 Julai 2021. Julai 2024 Tume ya Biashara ya shirikisho iliziandikia ASRock, Gigabyte na Zotac barua za onyo kuhusu vibandiko vinavyodai kwamba ukivitoa waranti imekufa. Kwa hiyo kijana anayesita kufungua kadi yake kwa kuogopa kibandiko asirudi nyuma kwa kibandiko pekee.

Lakini sheria hiyohiyo ya Minnesota imeziacha nje konsoli za gemu. Kompyuta imo, PlayStation na Xbox hazimo. Watengenezaji hudai kwamba kufungua njia ya ukarabati kutafungua pia njia ya wizi wa gemu. Hoja hiyo ni dhaifu: mwenye konsoli ambayo feni yake imekufa hataki kuiba gemu, anataka feni. Oktoba 2021 serikali ya shirikisho iliruhusu kuvuka kufuli za programu za konsoli ili kubadilisha kisomaji cha diski, na ikaishia hapo. Na konsoli ndiyo mashine ya gemu ya familia isiyo na dola 1,000 za kujengea kompyuta, kwa hiyo aliyeachwa nje ya ulinzi ni yule aliyeuhitaji zaidi. New Hope ina wawakilishi wake katika Bunge la jimbo huko Saint Paul, na simu za ofisi zao ziko wazi kwa kila mkazi, mwenye uraia au asiye nao. Wapigiwe, waambiwe waondoe ubaguzi huo dhidi ya konsoli.